Kabla ya Kununua Chujio, Yajue Maji Yako

Msimu wa karafuu ukisha na fedha zikiwa mkononi, wachuuzi hawako mbali. Siku hizi hutuletea mashine za kusafishia maji ya kunywa nyumbani, zile za osmosisi ya kinyume, na baadhi ya wanachama wametuuliza kama yafaa kuzinunua. Jawabu tumelipata mbali na visiwa vyetu, huko Ifakara katika bonde la Kilombero, tulikokwenda kuwatazama jamaa zetu.

Ifakara ni mji wa mpunga, katika Mkoa wa Morogoro. Upande mmoja imesimama milima ya Udzungwa, na upande wa pili wapita mto Kilombero, ambao ukikutana na Luwegu ndipo huzaliwa Rufiji. Masika ikishika, uwanda hufurika. Maji huzoa tope na uchafu wa vyoo, yakaingia katika visima vifupi. Mwaka 1997 kipindupindu kiliupiga mji huo, na waliochunguza waliona kuwa walioingia zaidi katika hatari ni wale waliooga mtoni na wale waliokaa mbali na maji.

Mwenyeji wetu, ambaye ana watoto wadogo, aliuza magunia ya mpunga akanunua mashine. Tangi lake liko juu ya jukwaa la mita 3. Mashine ikadondosha tone kwa tone, na baada ya majuma machache ikanyamaza kabisa. Watu wa nyumbani wakarudi kunywa maji ya kisima kama yalivyo. "Mabwana," alituambia, "mpunga umekwenda, na mtoto bado anaharisha."

Kosa lilikuwa nini? Mashine hii husukuma maji katika utando wenye vitundu vidogo mno, hata chumvi iliyoyeyuka hubaki nyuma. Kazi hiyo yataka nguvu, kadiri ya paundi 40 kwa kila inchi ya mraba. Tangi la mita 3 halitoi hata paundi 5. Basi bila ya pampu ya umeme, mashine haifanyi kazi. Tena tope la masika liliziba vichujio vyake. Na zaidi ya yote, maji yake hayakuwa na chumvi. Yalikuwa na tope na vijidudu.

Sisi wakulima wa karafuu twalijua jambo hili. Karafuu yenye makonyo huchambuliwa. Karafuu yenye unyevu huanikwa. Hapana mtu aanikaye makonyo akitumai yatageuka karafuu. Na maji ni vivyo hivyo: kila ila ina dawa yake.

Maji ya tope yaacheni yatulie katika chombo, kisha myachuje kwa kitambaa safi. Baadaye yachemsheni mpaka yatokote dakika 1 nzima, au mtie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa na kungoja dakika 30. Klorini haifanyi kazi vizuri katika maji ya tope, kwa hiyo usianze na dawa. Chujio la ndoo mbili zilizopandana, lenye mshumaa wa udongo wa kuchoma, nalo hufaa sana na halitaki umeme. Mshumaa huo husuguliwa kwa brashi laini na maji safi, bila ya sabuni, na ukipasuka hutupwa, kwa sababu vijidudu hupita katika ufa. Wakati wa maradhi ya kuambukiza, chemsheni hata maji yaliyochujwa.

Je, mashine ya osmosisi haina faida? Inayo, pale palipo na chumvi. Visima vyetu vya karibu na pwani huingiwa na maji ya bahari vikitekwa kupita kiasi, na kuchemsha hakuondoi chumvi, bali huizidisha. Hapo mashine ina kazi yake. Lakini maji ya bahari yenyewe haiyawezi, maana yataka nguvu nyingi zaidi.

Muuzaji akija na kipimo chake kidogo, mfahamu kinapima nini. Maji yenye miligramu chini ya 600 kwa lita huhesabiwa kuwa mazuri kwa ladha. Yakipita 1,000 huanza kukataliwa na ulimi. Lakini kipimo hicho hakioni vijidudu. Maji ya mto huweza kuonyesha tarakimu ndogo, na yakawa na kipindupindu ndani yake.

Mwenye kununua na aulize: umeme upo kila siku? Vichujio vya badala vyapatikana mjini, na kwa bei gani? Vile vya mwanzo hubadilishwa kila miezi 6 au zaidi kidogo, na utando kila miaka 2 au 3. Katika kufunga, chujio la tope hutangulia, hufuata la makaa, kisha utando, kisha tangi dogo. Maji ya tangi la kwanza humwagwa. Mashine nyingi hutupa lita 3 au 4 kwa kila lita 1 iliyo safi. Bomba la maji hayo lielekezwe katika ndoo, yafae kwa kupigia deki.

Asubuhi tuliyoagana, mke wa mwenyeji wetu alikuwa amekwisha chemsha maji ya siku nzima, ameyafunika katika mtungi, na kata imetundikwa juu, asije mtoto akachota kwa mkono. Mashine ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa. Wanachama, jasho la msimu ni jingi. Kwanza yajueni maji yenu, ndipo mfungue mkoba.