Sura Mbele ya Kamera
Februari 2021, wakili mmoja wa Texas, Marekani, aliingia kwenye kikao cha mahakama kwa njia ya video akiwa na sura ya paka kwenye skrini. Msaidizi wake alikuwa akihangaika kuiondoa, na huku nyuma wakili ilimbidi amhakikishie jaji kwamba yeye si paka.

Katika vikao vya video, wengi hukwamishwa na mambo madogo kuliko hayo, hasa mwanga. Anayelipa dirisha mgongo huonekana kivuli kitupu, kwa kuwa kamera hujipanga kufuata mwangaza wa nyuma na kuuacha uso gizani. Akigeuka akalielekea dirisha, uso hung'aa bila senti kumtoka. Simu nayo iinuliwe hadi usawa wa macho, hata kwa rundo la vitabu. Ikilazwa mezani, wenzake wataona matundu ya pua na feni ya darini.

Uchovu ni suala jingine. Mwaka huohuo, Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza kuwa kujitazama mfululizo kwenye skrini ni miongoni mwa mambo yanayochosha katika vikao hivi. Ushauri wake ni mtu kuificha picha yake mwenyewe. Programu ya Zoom inaruhusu hilo, na wenzake huendelea kumwona kama kawaida.