Kabati ya waya: tujenge kwa upana, si kwa urefu



Juma hili tunataka kuzungumza juu ya zile nyavu ndogo za chuma ambazo wengi wenu mmeziona sokoni na kujiuliza ni za kazi gani. Ni vipande vya waya vya mraba, kila upande kama santimeta 35, vinauzwa pamoja na vifundo vya plastiki vya mviringo. Unashikanisha kipande na kipande kwa vifundo hivyo, na kabati inasimama bila msumari wala fundi. Mpya huja ndani ya karton pamoja na picha ya kuonyesha kazi. Zilizokwisha kutumiwa zinauzwa ndani ya mfuko, bila picha, na hapo ndipo shida inaanza.

Kwetu hapa Karavia shida ilikuwa madaftari. Tangu 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, lakini daftari ni mzazi anayenunua. Sisi walimu tunaona kila asubuhi: huyu daftari yake imeliwa na panya, yule yake imelowa mafuta ya mawese. Tunamkemea mtoto, lakini mtoto ataweka wapi daftari, ikiwa nyumba ni chumba kimoja na kila kitu kiko chini? Tulipotazama nyumba yetu wenyewe, tukakuta za watoto wetu ziko chini ya kitanda, karibu na mfuko wa makala.

Basi tulinunua mfuko mmoja: vipande 18, vifundo 20. Chumba ni kidogo, tukafikiri ni vizuri kupanda juu. Tukasimamisha mnara wa vyumba vinne, kimoja juu ya kingine, karibu santimeta 140. Juu kabisa tukaweka ndoo ya unga, ili panya wasifike. Ulipendeza kweli. Siku ya tatu mtoto wetu wa miaka miwili akaona ngazi. Waya ni ngazi, wamama, mtoto hahitaji kufundishwa. Alipanda mara mbili tu, mnara ukamwangukia pamoja na ndoo. Mungu alisaidia, alipona, lakini alama ingali juu ya jicho lake mpaka leo. Hatukuwa na mtu wa kulaumu isipokuwa sisi wenyewe.

Tulipokwisha kulia tulichukua karatasi na kupiga hesabu, kama tungepaswa kufanya mwanzoni. Hebu tuhesabu pamoja.

Mnara wa vyumba vinne unaomba vipande 5 vya kulala, 8 vya kusimama pembeni na 4 vya mgongo: jumla 17. Vifundo ni 20. Sasa vyumba vile vile vinne, viwili chini na viwili juu: vipande 6 vya kulala, 6 vya kusimama, 4 vya mgongo: jumla 16. Vifundo ni 18. Kwa sababu gani vinapungua? Kwa sababu majirani wawili wanatumia ukuta mmoja. Kabati fupi inaomba vitu kidogo kuliko mnara, inabeba sawasawa, na kimo chake ni santimeta 70 tu. Anayetaka vyumba sita, viwili kwa upana na vitatu kwa urefu, atafute vipande 23 na vifundo 24.

Namna ya kujenga ni hii. Anza na safu ya chini, mahali palipo sawa. Ingiza ukingo wa waya ndani ya mfereji wa kifundo, sukuma mpaka usikie umeingia. Kama unakataa, gonga polepole kwa mwiko wa bukari, si kwa nyundo ya chuma, kwani plastiki itapasuka. Usisahau mgongo: ndio unaozuia kabati kuyumba kushoto na kuume. Mwisho, fungeni kabati kwenye ukuta. Misumari miwili mirefu na waya wa kufungia, pembe mbili za juu, basi. Hata ile fupi ifungwe. Vizito vikae chini: unga, mchele, sufuria. Juu vikae nguo na daftari.

Kifundo kikipasuka, msitupe kabati. Kata ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, zungusha mara nne pembeni, kaza. Au tumia waya na koleo, ile tunayoita pinsi, na ncha zote zikunjwe kwa ndani zisichane mikono ya watoto. Kazi hii si ngeni kwetu. Watoto wa Lubumbashi wanatengeneza motokaa za waya tangu zamani, na kabla yao mafundi wa Bayeke walivuta shaba kuwa waya wa bangili. Mwambie kijana wako akufungie, utaona anavyojua.

Asiyepata vipande vya sokoni anaweza kununua wavu wa kujengea na kuomba fundi wa kuchomelea aukate kwa kipimo kimoja. Apige lima ncha, na kabla ya mvua ya Novemba apake rangi ya mafuta, la sivyo kutu itakula.

Vipande vinavyobaki vina kazi. Sisi vyetu viwili tumevilaza juu ya matofali kibarazani, ndipo sahani zinakaukia. Mama jirani amefanya kizimba cha vifaranga. Mwingine anayeuza nyanya anafungua kabati asubuhi, anaipeleka barabarani kuwa meza, jioni anairudisha kuwa kabati.

Neno moja juu ya vumbi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mwilini, na watoto kuwapita wakubwa. Vumbi ni njia moja ya kuingia. Waya una matundu, hauzuii vumbi. Basi chakula kikae ndani ya chombo chenye kifuniko, sahani zifunikwe kwa kitambaa safi, na kabati ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, si kikavu.

Kama bei ya mfuko ni nzito, fanyeni kwa likelemba: kila juma mama mmoja anapata wake, na wote wanakuja kumjengea. Kazi ya mikono mingi inakwisha kabla chai haijapoa.

Leo daftari za kwetu ziko chumba cha juu, kuume. Mtoto wa pili ameandika jina lake kwenye kipande cha karton na kukifunga mbele. Mdogo wake anajaribu kupanda hata sasa. Kabati haitikisiki.