Paka Mkubwa Akiletwa Nyumbani: Jinsi ya Kumsaidia Akae

Mahindi yakishaingia ghalani, panya nao hawachelewi. Ndipo wengi wetu huenda kwa jirani au kwa jamaa kuomba paka. Mara nyingi anayepatikana si mtoto wa paka bali ni paka mkubwa, ambaye tayari anajua kuwinda. Hiyo ni bahati, kwa sababu mtoto wa paka atakaa miezi kadhaa kabla hajaweza kushika panya wa maana.

Lakini katika kutembelea nyumba za wakristo wetu tumesikia lalamiko moja tena na tena: "Tulimleta jioni, asubuhi hayuko." Wengine husema paka hana shukrani. Sivyo, ndugu msomaji. Paka ana sababu zake, na ukizielewa utaweza kumsaidia.

KWA NINI ANATOROKA?

Mbwa hufuata mtu, lakini paka hufuata mahali. Paka wa nyumbani ametokana na kimburu wa Afrika, mnyama ambaye hata leo anaishi hapa Kenya. Kimburu huwinda peke yake. Ili aishi, ni lazima alijue eneo lake vizuri: panya wako wapi, adui hupitia wapi, na pa kujificha ni wapi. Paka wetu amerithi tabia hiyo.

Eneo lake hulijua kwa harufu. Mashavuni mwa paka kuna tezi zinazotoa harufu ambayo sisi binadamu hatuisikii. Akijisugua kwenye mlango, kiti au mguu wako, anaweka alama ya kusema, "Hapa ni kwetu." Sasa fikiria amefika boma ambalo halina alama yake hata moja, tena kuna mbwa wageni na watoto wanaopiga kelele. Ataogopa. Ukimwachilia nje siku hiyo hiyo, atajaribu kurudi alikotoka, na huko njiani kuna magari na mbwa. Wengi hawafiki.

KABLA YA KUMLETA

Muulize mwenye paka maswali haya: Anakula nini? Amezoea mbwa na watoto? Amewahi kuchanjwa? Omba pia kipande cha kitambaa au gunia alilokuwa akilalia. Harufu yake itamtuliza.

Mbebe kwenye kikapu chenye kifuniko au katoni iliyotobolewa matundu na kufungwa kwa kamba. Usimtie kwenye mfuko wa plastiki, maana anaweza kukosa hewa akafa.

JUMA LA KWANZA: CHUMBA KIMOJA

Tafuta chumba kinachofungika, kwa mfano stoo. Hakikisha hakuna sumu ya panya wala dawa za shamba humo ndani. Ziba matundu na ufunge madirisha. Weka vitu hivi:

1. Maji safi kwenye bakuli zito lisilopinduka.

2. Chakula kidogo, mara mbili kwa siku.

3. Karai au katoni fupi yenye mchanga mkavu wa kujisaidia. Iwe mbali na chakula, kwa sababu paka hapendi kula karibu na choo. Ondoa uchafu kila siku.

4. Katoni iliyolazwa ubavu, na kile kitambaa chake ndani.

Atajificha. Mwache. Usimvute kwa nguvu wala usiwaruhusu watoto wamfukuze huku na huku. Ingia, keti chini, fanya kazi yako kama kuchambua maharagwe, na uongee naye kwa sauti ya chini. Usimkazie macho, maana kwa paka hiyo ni dalili ya ugomvi. Akikutazama, fumba macho polepole kisha uyafumbue. Akikaribia mwenyewe, mwache anuse mkono wako kwanza.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa paka mkubwa, jembe lingoje kidogo! Wengine hutulia kwa siku tatu, wengine huchukua mwezi.

CHAKULA

Paka ni mla nyama. Ugali mtupu haumtoshi hata akiumaliza wote. Mchanganyie omena, matumbo yaliyopikwa au mabaki ya nyama. Usimpe mifupa iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika vipande vikali. Maziwa nayo huwaharisha paka wengi wakubwa, kwa hiyo maji ndiyo kinywaji chake.

Siku ya kwanza huenda asile. Lakini akimaliza siku mbili bila kugusa chakula, mwone daktari wa mifugo. Paka akikaa siku nyingi bila kula, ini lake huharibika.

Tena tuache ile imani kwamba paka wa panya anyimwe chakula. Paka aliyeshiba bado huwinda, maana kuwinda ni asili yake. Mwenye njaa ndiye atakayehamia kwa jirani au kula vifaranga vyako.

KUMFUNGULIA POLEPOLE

Akianza kula vizuri na kujisugua kwako, mfungulie vyumba vingine. Chukua kitambaa safi, mpanguse mashavuni, kisha ukipitishe kwenye miguu ya meza na miimo ya milango. Hivyo unamsaidia kuweka alama zake. Mbwa wa boma afungwe kamba anapomwona mara ya kwanza.

Nje asitoke kabla ya majuma matatu au manne. Siku ya kwanza mtoe kabla ya chakula chake, muda mfupi tu, ukiwa naye. Kila unapomlisha gonga bakuli kwa namna ile ile, ili akisikia mlio huo ajue kurudi. Vifaranga wafungiwe.

HATARI ZA KUKUMBUKA

Sumu ya panya: Paka akila panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa. Chagua moja, paka au sumu. Waambie na majirani.

Dawa ya kupe ya ng'ombe: Usimpake paka kamwe. Hata dawa za maumivu za binadamu kama parasetamo humuua.

Kichaa cha mbwa: Paka pia hukipata na kumwambukiza mtu. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya watu kutokana na mbwa wenye kichaa ifikapo mwaka 2030. Tushirikiane: paka achanjwe. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Akina mama wajawazito: Mtu mwingine aondoe uchafu wa paka, kwani unaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni. Sisi wote tunawe mikono.

Uzazi: Paka jike hubeba mimba kama siku 63 hivi, na anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Ulizia kuhusu kumfunga uzazi, na dume ahasiwe. Dume aliyehasiwa hazururi sana.

MWISHO

Gunia la mahindi lililotobolewa na panya ni karo ya mtoto na unga wa miezi ya njaa. Mwezi mmoja wa uvumilivu si bei kubwa kwa mlinzi atakayekaa miaka mingi. Mithali 12:10 inatufundisha kwamba mtu mwadilifu hujali hata maisha ya mnyama wake. Basi tuzungumzie jambo hili katika jumuiya na vikundi vyetu, na aliye na paka wa ziada amwambie mwenzake ambaye ghala lake linaliwa.