ZIWA NALO LINA PUMZI

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu mhariri ameniomba niandike makala ya sayansi, kwa kuwa wapo wanaodai eti Bayolojia haisemeki kwa Kiswahili. Nitajaribu, nanyi mtakuwa mahakimu.

Nianze na kisa kilichonitia hamu. Likizo ya Desemba iliyopita nilimtembelea mjomba wangu anayeishi kando ya ziwa, upande wa Homa Bay. Mjomba hufuga ngege katika vizimba, yaani nyavu zilizofungwa kwenye fremu zinazoelea majini. Samaki hulishwa humo mpaka wanenepe. Asubuhi moja, kabla hakujapambazuka vizuri, tulisikia mayowe ufuoni. Kufika huko, lo! Samaki walikuwa wamegeuza matumbo juu, weupe pepepe. Kazi ya miezi mingi iliisha kwa usiku mmoja, na karo ya binamu zangu ikaenda nayo.

Mjomba hakuuliza mara mbili. Wiki hiyo alikuwa ameteta na jirani mmoja juu ya mahali pa kutega nyavu. "Huyu ametia sumu!" alisema, na vijana wakaanza kuokota mawe. Aliyewazuia ni mzee mmoja mvuvi. Aliuliza swali ambalo mimi niliona halina maana: "Je, kamongo naye amekufa? Mumi je?"

Tukatazama. Nje ya vizimba palielea mbuta kadhaa, lakini kamongo hatukumwona hata mmoja, wala mumi. "Basi tulieni kwanza," mzee akasema. "Sumu haichagui hivi."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuwasumbua walimu kwa maswali. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kumbe kuna elimu nzima inayochunguza maziwa, mito na vinamasi pamoja na viumbe wanaoishi humo. Inaitwa limnolojia, na inalo jibu la swali la yule mzee.

Hewa iliyo majini

Samaki hupumua oksijeni kama sisi, ila yeye huichukua kwa matamvua kutoka katika maji. Taabu ni kwamba maji hubeba oksijeni kidogo mno. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo na joto la nyuzi 25, lita moja ya maji hubeba takriban miligramu 7 tu za oksijeni. Lita moja ya hewa tunayovuta sisi ina zaidi ya miligramu 200. Yaani tajiri ni mtu wa nchi kavu, na samaki ni maskini anayeishi kwa kibaba. Tena maji yakizidi kupata joto, hicho kibaba nacho hupungua.

Sasa tuwatazame samaki wenyewe. Mbuta ana mwili mkubwa, mwenye nguvu, na huhitaji oksijeni nyingi. Ikipungua, yeye huwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Kamongo ana mapafu. Huinua pua juu ya maji, akavuta hewa kama wewe na mimi, kisha akarudi chini. Mumi naye ana kiungo maalumu cha kuvutia hewa, ndiyo sababu huweza kuishi hata katika dimbwi la matope. Kwa hiyo mbuta akifa na kamongo akabaki, jambo la kwanza la kushuku ni upungufu wa pumzi majini. Mzee yule hakusoma limnolojia, lakini alikuwa ameishi nayo.

Usiku wa ziwa

Oksijeni ya ziwa hutoka wapi? Sehemu huletwa na upepo unapochanganya maji na hewa. Sehemu nyingine hutengenezwa na mwani, yaani vimea vidogo sana vinavyoyapa maji rangi ya kijani. Mchana, jua likiwaka, mwani hutoa oksijeni. Usiku hakuna jua, na mwani wenyewe hupumua, ukaila oksijeni ile ile. Mwani ukiwa mwingi kupita kiasi, mchana huwa karamu na usiku huwa njaa. Saa mbaya zaidi ni kabla ya mapambazuko. Ndiyo maana mayowe ya ufuoni husikika alfajiri.

Kuna na jambo la pili. Jua hupasha joto maji ya juu, yakawa mepesi, yakaelea juu ya maji ya chini yaliyo baridi kidogo. Ziwa likagawanyika matabaka mawili kama mafuta na maji katika chupa. Mwani unaokufa huzama katika tabaka la chini, ukaoza, na bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni ya huko mpaka ikakaribia kwisha. Katika ziwa kuu hali hii huwapo kwa miezi mingi ya mwaka, mpaka pepo za kusi za Juni na Julai zinapoyachanganya maji. Wakati matabaka yapo, dhoruba ya ghafla inaweza kuyainua maji ya chini hadi juu. Mbuta aliye huru ana nafasi ya kukimbia. Ngege aliyefungwa kizimbani atakimbilia wapi?

Haya si hadithi ya kijiji cha mjomba peke yake. Mwishoni mwa mwaka 2022 samaki wengi sana wa vizimbani walikufa katika Ghuba ya Winam, na wataalamu wa KMFRI, taasisi ya nchi yetu ya utafiti wa bahari na uvuvi, walieleza kuwa chanzo kilikuwa upungufu wa oksijeni.

Rutuba iliyopita kiasi

Mtauliza: mwani umezidi kwa nini? Kwa sababu ziwa limetiwa mbolea. Naam, mbolea! Kiasi kikubwa cha fosforasi na nitrojeni huingia majini kila mwaka, na mwani hustawi kama mahindi ya shamba lililonyunyiziwa samadi.

Hapo ndipo sisi tunaosoma Migori, mbali kidogo na ufuo, tunapoingia kesini. Tumezoea kusema hiyo ni shida ya watu wa ziwa. Tazameni Mto Kuja, ambao Wakisii huuita Gucha. Huanzia nyanda za juu za Kisii, ukaungana na Mto Migori, ukapita Nyatike na kumwagika ziwani. Wakati wa masika maji yake huwa na rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo ni udongo wa mashamba yetu. Bwawa la Gogo, lililojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya umeme, lilijaa matope yaliyoletwa na mto huo huo. Ongezeni maji machafu ya mijini. Ongezeni pia moshi na vumbi, kwani watafiti wamegundua kuwa sehemu kubwa ya fosforasi ya Ziwa Victoria huanguka kutoka hewani. Anayechoma nyasi mlimani naye anaongeza chumvi katika mchuzi.

Zamani mto ulipokaribia ziwa ulipita katika mafunjo. Mafunjo ni chujio: hupunguza mwendo wa maji, matope yakatua, na mizizi ikanywa ile mbolea. Ndani yake samaki wadogo hujificha na ndege hujenga viota. Wako ndege wasioweza kuishi kwingine ila katika mafunjo. Tukiyafyeka ili tulime, tunaondoa chujio na kuwafukuza wenyeji wake kwa panga moja.

Uchafu wa maji umewadhuru hata wale ambao hawakufa kwa kukosa pumzi. Fulu, wale samaki wadogo wenye rangi nyingi, walikuwa zaidi ya aina 500 katika ziwa hili. Wengi waliliwa na mbuta, aliyeletwa miaka ya 1950 na 1960 na kuongezeka kwa kasi miaka ya 1980. Lakini mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walieleza sababu nyingine. Fulu jike humchagua dume kwa rangi yake. Maji yakiwa na ukungu rangi hazionekani sawasawa, aina mbalimbali zikachanganyika, na tofauti zake zikafifia.

Simbi Nyaima

Anayetaka kuona mwani ulivyo ukitawala ziwa zima, na aende Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay. Masimulizi yetu husema kijiji kilizama pale kwa kumnyima bikizee mahali pa kulala. Wanasayansi husema ni shimo la volkeno lenye maji ya magadi. Mwaka 1979 John Melack alichapisha utafiti wake juu ya mwani wa ziwa hilo uitwao spirulina. Rangi yake ni ya kijani kibichi, na heroe huufuata kama chakula. Samaki hakuna. Simbi limeumbwa hivyo, na viumbe wake wamelizoea. Ziwa Victoria halikuumbwa hivyo, na sisi hatuli heroe.

Tuanze kupima

Mwaka 1865 padre Mwitaliano, Angelo Secchi, alishusha kisahani cheupe baharini kwa kamba ili apime maji yalivyo angavu. Hadi leo watafiti hutumia kisahani hicho. Kiteremshe polepole, na kinapopotea machoni, pima kamba. Kamba ikiwa fupi, maji yana mwani au matope mengi. Sisi tunaweza kukitengeneza kwa kifuniko cha debe, rangi nyeupe na nyeusi, jiwe la kuzamishia na kamba yenye mafundo. Napendekeza chama chetu kishirikiane na Chama cha Sayansi, tupime Mto Migori mara moja kila wiki, halafu tuchapishe matokeo katika gazeti hili mwakani.

Onyo moja: maji yenye utando wa kijani yasinywewe hata yakichemshwa. Baadhi ya viumbe vya kijani vilivyomo, viitwavyo sayanobakteria, hutoa sumu isiyoondoka kwa moto.

Siwaambii kwamba sumu ya watu haipo. Wapo wavuvi wanaovua kwa dawa za kuulia wadudu, na hao washtakiwe. Lakini mgala muue na haki umpe. Siku mbili baada ya msiba wetu, afisa wa uvuvi alifika na kipimo, akakiteremsha majini alfajiri. Juu oksijeni ilikuwapo. Chini ilikuwa karibu kwisha. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi, na yale mawe yalibaki ufuoni.

Mjomba amesogeza vizimba vyake mahali penye kina na mkondo zaidi, na samaki amewapunguza katika kila kizimba. Ila jirani yule hajamwomba radhi mpaka leo. Wakikutana njiani, kila mmoja hutazama upande wake. Namheshimu mjomba wangu, na kwa kuwa nakala ya gazeti hili nitampelekea, namwomba hapa mbele yenu wote: mjomba, nenda ukamsalimie.