Mhogo, ndizi na kashata: Siri ya kutozima njiani Kibaha na Kisarawe

KIBAHA/KISARAWE. KABLA daladala hazijaanza kugombea abiria pale Maili Moja, Kibaha, kuna watu tayari wako barabarani. Wananyonga baiskeli. Nyuma kwenye keria wamefunga mkaa, mihogo, nazi au maembe, na safari ni ya kwenda kuuza Dar es Salaam.

Upande wa Kisarawe picha ni ileile. Wanaibuka kutoka Maneromango na Masaki (ile ya Kisarawe, siyo ya mabalozi), wanapita Kisarawe mjini, kisha wanashika njia ya Pugu kuelekea Gongo la Mboto.

Watu hawa hawana kocha wa viungo wala daktari wa timu. Baiskeli zenyewe ni yale madude mazito ya chuma, mengi hayana hata gia. Lakini kwa kilomita wanazopiga kwa wiki, wapo mastaa wa Ligi Kuu ambao wangeomba sub mapema tu.

Sasa ongeza kundi jingine, vijana wanaoendesha baiskeli kwa mazoezi wikiendi, na mashabiki ambao siku ya mechi kubwa wanaona bora wanyonge wenyewe mpaka Uwanja wa Benjamin Mkapa kuliko kubanana kwenye foleni. Kutoka Kibaha mpaka Temeke ni zaidi ya kilomita 40, na hapo bado kurudi.

Wote hao adui yao ni mmoja. Siyo mlima wala jua, ni tumbo tupu.

KUZIMA SIYO KUCHOKA

Mwili wa binadamu unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini. Ukifanya kazi ngumu mfululizo, akiba hiyo inatosha kama saa moja na nusu hadi mbili. Ikiisha, mtu hachoki kwa namna aliyoizoea. Anazima.

Dalili zake zinajulikana. Miguu inakuwa kama imefungwa mawe, mikono inatetemeka, jasho la baridi linatoka, kichwa kinakuwa chepesi na akili inachelewa kuamua. Kwenye mpira, mchezaji akizima dakika ya 75 kocha anamtoa. Barabara ya Morogoro haina sub. Pembeni kuna malori na mabasi ya mikoani, na mwenye kizunguzungu akiyumba nusu mita tu, habari yake inaweza kuishia hapo.

Wala hili siyo tatizo la wanyonge. Muulize Chris Froome, Mwingereza aliyezaliwa Nairobi na kufunzwa baiskeli na Mkenya David Kinjah. Julai 18, 2013 alikuwa anapanda mlima wa Alpe d'Huez akiwa na jezi ya njano, ya kiongozi wa Tour de France. Zikiwa zimebaki kilomita chache, sukari ikamshuka. Mwenzake Richie Porte akarudi kwenye gari la timu kumchukulia jeli yenye sukari.

Sheria hairuhusu kuchukua chakula kwenye gari ukiwa karibu hivyo na mwisho. Wote wawili wakapigwa adhabu ya sekunde 20. Froome hakuwa na cha kupoteza, maana angezima kabisa pale mlimani angeacha dakika kadhaa. Siku tatu baadaye alitwaa taji lake la kwanza jijini Paris, na baadaye akaongeza mengine matatu.

Karibu zaidi na nyumbani ni Kigali. Septemba 2025 jiji hilo lilikuwa mwenyeji wa Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, bingwa Tadej Pogačar alitumia zaidi ya saa sita, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Kwa saa sita juu ya vilima vile, hakuna anayeishi kwa chai ya asubuhi.

HESABU NI NDOGO TU

Wataalamu wa lishe ya michezo wanashauri gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa, kwa zoezi linalozidi saa moja. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni mambo ya maduka ya wazungu. Siyo kweli.

Ndizi mbivu moja ya saizi ya kati ina kama gramu 25 za wanga. Pakiti ya jeli wanayotumia mastaa wa Ulaya nyingi zina gramu 20 hadi 30. Maana yake, ndizi mbili kwa saa zinafanya kazi ya jeli mbili, tena ndizi inapatikana kila genge kuanzia Mlandizi mpaka Kiluvya.

Sharti ni moja: kula kabla ya kusikia njaa. Ukishaanza kutetemeka, umechelewa. Chakula kinahitaji muda kufika kwenye misuli, na katika muda huo kilomita hazikusubiri.

KIKOSI CHA KWANZA

Mkoa wa Pwani ni nchi ya mihogo, kwa hiyo nahodha anajulikana. Mhogo wa kuchemsha, wenye chumvi kidogo, una zaidi ya gramu 30 za wanga kwa kila gramu 100. Unakaa mfukoni bila kupondeka na hauogopi mtikisiko wa barabara ya vumbi. Shida yake ni ukavu. Unataka maji ya kusukumia, la sivyo unakwama kooni.

Kiazi kitamu ndicho msaidizi wake. Wanga wake ni mdogo kuliko wa mhogo lakini ni laini, kinashuka bila ugomvi. Kichemshwe usiku, kikatwe vipande vya kuingia mdomoni mara moja, maana mkono mmoja lazima ubaki kwenye usukani.

Ndizi mbivu ni winga: ina kasi, ila ni dhaifu. Ukiiweka kwenye keria chini ya mzigo, utakuta uji. Mahali pake ni mfuko wa shati au kikapu cha mbele.

Chapati ya jana nayo imo. Ipake asali au inyunyizie sukari, ikunje mara nne, imekwisha. Tende zinabebeka kuliko vyote: karibu robo tatu ya uzito wake ni wanga, na haziharibiki kwa joto. Kashata ya karanga au ya nazi ni ya kuokoa jahazi, sukari yake inaingia haraka pale mtu anapohisi taa zinaanza kufifia.

Vipi kuhusu karanga na korosho, mazao yanayouzwa kila kituo? Hizi zianzie benchi. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, ambayo yanakaa tumboni muda mrefu kabla ya kuwa nguvu. Ngumi moja katika safari ndefu ya mwendo wa taratibu ni sawa. Kuzitegemea kupandia kilima cha Pugu ni kujidanganya.

KADI NYEKUNDU

Mhogo wa tui la nazi ni mtamu nyumbani, lakini juani tui linachacha. Usibebwe. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na chachandu inaleta kiungulia ukiwa umeinama kwenye usukani. Mishikaki isubiri ukifika.

Mhogo mbichi na karanga, ule unaouzwa kwa vijana kwa sifa zake nyingine, haufai kwa safari. Haujapikwa, ni mzigo kwa tumbo. Kubwa zaidi, mihogo michungu ina sumu na haitakiwi kuliwa bila kuandaliwa vizuri, kwa kumenya, kuloweka, kukausha na kupika.

Kuhusu kufungia, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Jani la mgomba au kontena dogo lenye mfuniko vinatosha. Gazeti lisome, usifungie chakula. Wino siyo kitoweo.

MAJI NA CHUMVI

Joto la Pwani linakausha mtu kabla hajajua. Maji matupu yanasaidia, lakini kwa safari ya saa tatu na zaidi jasho linaondoka na chumvi pia.

Dawa ipo jikoni. Lita moja ya maji safi, vijiko vitano vya chakula vya sukari visivyojaa sana (takribani gramu 60), chumvi ya kubana kwa vidole viwili, kamulia ndimu. Tikisa, tia kwenye chupa. Lita hiyo peke yake inakupa dozi ya wanga ya saa nzima. Dafu nalo ni zuri lakini lina chumvi kidogo, kwa hiyo liende na kipande cha mhogo uliotiwa chumvi.

Mwenye kisukari asifuate hesabu hizi kichwakichwa, aongee kwanza na daktari wake.

RATIBA YA SAFARI

Chukua shabiki anayetoka Kibaha kwenda Mkapa, mwendo wa saa tatu hivi kwa baiskeli ya kawaida. Saa mbili kabla ya kuondoka, anakula viazi au chapati kwa chai ya sukari, au bakuli la uji. Dakika ya 45 barabarani, ndizi ya kwanza. Baada ya hapo, kila nusu saa anatia kitu kidogo, kipande cha mhogo, tende tatu au nne, na funda za maji katikati. Kashata inabaki akiba.

Akifika, asisahau kwamba mechi ina dakika 90 na kuna kurudi. Wengi wanazima jioni, siyo asubuhi, kwa sababu walishangilia mchana kutwa wakiwa na soda moja tumboni.

Kwa mbeba mzigo wa Maneromango hesabu ni kali zaidi. Kishawishi chake ni kusema atakula akishauza, ili senti isitoke kabla haijaingia. Anaondoka na chai kavu huku nyuma yake amebeba gunia zima la chakula. Akizima Pugu, anafika sokoni wanunuzi wameshaondoka, na bei anapangiwa na dalali.

Mhogo mmoja ukitoka kwenye gunia hauui faida. Gunia likilala njiani, hiyo ndiyo hasara.