Cheche ya Nje, Cheche ya Ndani

Ilikuwa pikipiki ya magurudumu manne, injini ya silinda moja, ya kutembezea wageni kwenye mchanga na njia za matumbawe upande wa mashariki wa Unguja. Asubuhi iliwaka, stata ikijikokota kidogo. Baada ya nusu saa juani ilizimika ghafla bila hata kukohoa, na haikuwaka tena mpaka ipoe. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alibadilisha CDI, kile kisanduku cheusi cha kuamuru cheche, tena kwa bei ya kuumiza. Ugonjwa ulibaki palepale.

Kwa fundi wa tatu nilikaa mchana kutwa, maana neno lake la kwanza lilinishika: umeme usiupime umelala, upime ukiwa kazini. Tangu siku hiyo naamini vipuri vingi vizima vinatupwa kwa sababu watu hawakulifuata neno hilo.

Ubavuni mwa injini hii kuna gurudumu zito lenye sumaku, linalozunguka pamoja na krenki, na ndani yake zimepangwa koili za waya wa shaba. Sumaku ikipita mbele ya koili, umeme huzaliwa. Michael Faraday alilionyesha jambo hilo mwaka 1831. Koili moja kazi yake ni kuilisha CDI, ambamo umeme huo huijaza kapasita hadi volti kati ya 200 na 400. Nyingine ni ndogo, mafundi huiita pikapu, nayo ni mpiga kengele tu: nundu iliyo nje ya gurudumu ikipita mbele yake, inatuma mpigo dhaifu, na CDI inaumwaga umeme wote kwa mkupuo kwenye koili ya plagi. Huko volti mia chache hupanda zikawa maelfu kwa maelfu, na cheche inaruka mwanya wa milimita 0.6 au 0.7. Injini ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, hayo yote hutokea mara 50 katika sekunde moja, kwa kuwa aina hii hurusha cheche kila mzunguko, hata ule wa kutoa moshi. Zipo CDI zinazolishwa na betri. Hii ililishwa na koili.

Mafundi wawili wa mwanzo walifanya kipimo tunachokijua wote: chomoa plagi, iegemeze kwenye chuma cha injini, piga stata, tazama. Cheche ikaonekana. Wakasema moto upo.

Moto wa nje, ndiyo. Mwaka 1889 mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volti zinazohitajika kuruka mwanya hazitegemei upana wa mwanya peke yake, bali upana ukizidishwa kwa msukumo wa hewa iliyomo. Katika hewa ya kawaida, mwanya wa plagi huvukwa kwa volti 3,000 hivi. Ndani ya silinda pistoni imeibana hewa karibu mara tisa, molekuli zimesongamana, elektroni haipati nafasi ya kushika kasi kabla ya kugonga kitu. Hapo hitaji linaweza kupita volti 10,000. Koili iliyochoka itakupa cheche nzuri nje na kushindwa kabisa ndani, hasa unapofungua mafuta kupanda kilima.

Kwa hiyo fundi wetu hakuichomoa plagi. Aliiacha kwenye tundu lake, akatumia kifaa cha kupimia chenye mwanya wa milimita 6, kilichobanwa kwenye chuma cha injini. Mwanya huo mpana katika hewa ya nje unaitesa koili kama silinda inavyoitesa. Kuliacha tundu limezibwa pia ni usalama, kwa sababu mvuke wa petroli ukitoka pale na kukutana na cheche, unawaka. Na waya wa plagi haushikwi kwa mkono, hata kwa sekunde. Cheche iliruka milimita 6, ya buluu, ikilia. Injini ilikuwa baridi bado.

Akageukia stata inayojikokota. Betri ilisoma volti 12.6, yaani imejaa, na wengi wangeishia hapo. Yeye aliweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, akapiga stata. Kati ya sehemu hizo mbili, zinazopaswa kuwa kama kitu kimoja, mita ilionyesha volti 1.8. Robo volti ningeielewa. Volti karibu mbili zilikuwa zinapotelea kwenye waya mmoja mnene kama kidole.

Akauchuna ganda. Ndani shaba ilikuwa nyeusi, na kwenye ncha unga wa kijani. Maji ya chumvi hupanda katikati ya nyuzi za waya kama mafuta yanavyopanda utambi wa koroboi, yakaila shaba kimyakimya chini ya plastiki iliyo nzima. Mita ukiipimisha omu kwenye waya kama huo itakuambia ni mzima, kwa sababu inapitisha umeme kiduchu mno. Mota ya stata inavuta makumi ya ampea. Ikivuta 80, kizuizi cha omu 0.05 tu kinameza volti 4. Mtu yeyote mwenye chombo cha injini pwani angefanya vema kupima hivi kila baada ya miezi michache, kisha kusugua maungio na kuyapaka grisi.

Waya ulibadilishwa, stata ikachangamka. Lakini CDI ile haikuitegemea betri, hivyo kuzimika kulikuwa kungali kunatusubiri.

Tuliiendesha mpaka ikazimika, kisha tukakimbilia kupima kabla haijapoa. Kwanza fundi alichomoa waya wa swichi ya kuzimia, ambao ukichubuka na kugusa fremu huua cheche kwa njia ileile ya swichi. Haikuwaka. Akaenda kwenye soketi ya pikapu. Asubuhi ilisoma omu 130. Shaba ikipata joto huongeza kizuizi kwa takribani asilimia 0.4 kwa kila digrii, hivyo alitegemea kitu kama 165. Mita haikusoma chochote: njia imekatika.

Tukakaa kivulini, mita imeunganishwa. Dakika kumi, hakuna. Ilipokaribia robo saa namba zikaruka, zikatulia kwenye 140 na ushei. Waya mwembamba kama unywele ulikuwa umekatika ndani ya gundi ngumu inayoushika, na gundi hiyo hutanuka kwa joto kuliko shaba. Ikipata moto inazitenganisha ncha, ikipoa zinagusana.

Pikapu mpya ilifungwa. Saa nane mchana, jua limewaka, kijana wa gereji akaichukua hadi ufukweni na kurudi, akazunguka tena, saa nzima. Aliporudi aliizima mwenyewe kwa swichi, akaigusa stata, ikawaka.