Kusoma Huanza Masikioni

Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili, kabla hajashika kalamu wala kuketi mbele ya ubao, amekwisha kujipatia elimu kubwa ambayo hakuna aliyekaa kitako kumfundisha: tangu utotoni mwake, alipokuwa akibwabwaja ba-ba na ma-ma, hadi umri wa kwenda shule, amejua kusema kikombe kimevunjika na sahani imevunjika bila ya kuzichanganya ngeli, ijapokuwa ukimwuliza sababu hana la kujibu. Mwalimu anayeidharau akiba hiyo hujitwika kazi maradufu, kwa maana herufi hazimletei mtoto huyu lugha mpya; humdhihirishia machoni ile aijuayo kwa masikio.

Nayo lugha yenyewe imemrahisishia njia. Irabu zake ni 5 tu, kila moja na sauti yake, na silabi zake aghalabu huishia kwa irabu, hata aliyezijua ma, ka na ta aweza siku ile ile kusoma mama, kaka, taka na kamata. Mtoto wa Kiingereza, ambaye herufi moja ya irabu humjia kwa sauti nyingi, hana fadhila hiyo.

Walakin wepesi huu una hadaa ndani yake. Darasa zima huimba ba, be, bi, bo, bu, ukafurahi kuwasikiliza. Lakini andika bo peke yake, umwone mtoto akianza kimoyomoyo tangu ba mpaka aifikie. Huyo amehifadhi wimbo, hajasoma. Sharti apige makofi kwa kila silabi ya maneno ayasemayo, kisha apewe silabi zilizovurugwa aziunge mwenyewe. Na sikio halina budi kuandamana na jicho: mbuni, yule ndege, ana mapigo mawili, mbu-ni, mbuni, mtu abuniye jambo, ana matatu, m-bu-ni, na maandishi hayakutofautisha kitu.

Taabu iliyo kubwa zaidi huja baadaye, kwani neno letu moja huchukua maneno ya sentensi nzima. Mtoto anayesoma ha-wa-ta-tu-so-me-a, silabi baada ya silabi, hufika mwisho mwanzo umekwisha kumtoka, asijue ni nani hatamsomea nani. Hapo ndipo afundishwe kuviona vipande vyenye maana, hawa-ta-tu-somea, jambo ambalo, kwa rai yangu, huchelewa mno kufundishwa.

Hali ya mtoto wa kijiji cha Usukumani aliyekulia katika Kisukuma ni nyingine. Yeye huweza kutamka ukurasa mzima pasipo kosa wala kufahamu, kwa kuwa herufi zinamwita kwenye maneno asiyoyamiliki. Tangu 2015 madarasa mawili ya mwanzo Tanzania yametiliwa mkazo wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, nami naunga mkono. Ila kwa mtoto huyu ningeomba mwalimu amtoe kwanza uani, wamtazame ndama, wamtaje, wasimulie kwa Kiswahili anavyonyonya na anavyokimbia, ndipo warudi ubaoni kuandika nda-ma.